Hesabu ya miti ya asili Uwemba: kitabu kinachofaa kufunguliwa kabla ya kushika shoka

UKITOKA Njombe mjini kwenda Uwemba, milima inaonyesha kijani cha miti minne tu: paini, milingoti, miwati na, kwa miaka ya karibuni, miparachichi. Mgeni anaweza kudhani ndivyo nchi hii ilivyoumbwa. Kumbe hakuna hata mmoja kati ya hiyo minne ambao asili yake ni Njombe.

Miwati na milingoti ilitoka Australia. Paini inayopandwa zaidi katika nyanda hizi ilitoka Mexico, na mparachichi ulitoka Amerika ya Kati. Yote imewaingizia wakulima fedha, imejenga nyumba za bati na kusomesha watoto, kwa hiyo hakuna sababu ya kugombana nayo.

Miti ya asili imebaki mabondeni, makaburini, kandokando ya vijito na katika misitu michache ambayo wazee waliikataza shoka. Unaojulikana zaidi ni msitu wa Nyumba Nitu, katika kijiji cha Mlevela, ambako Wabena walijificha wakati wa vita. Heshima na hofu ya mahali pale vimefanya kazi ambayo askari wengi wa misitu wasingeiweza.

Tatizo la mkulima wa kawaida si kukosa heshima. Tatizo ni hesabu. Kila mwaka baada ya kuvuna, huamua ni kipande gani asafishe ili apande kitu kipya. Bei ya mche wa parachichi anaijua. Bei ya ubao anaijua. Thamani ya kile anachokikata ili kupisha mche huo haijui, na kwa kuwa haijui, huiandika sifuri.

Hapo ndipo panapofaa kitabu ambacho wakulima wengi hawajawahi kukiona.

Kurasa mbili kwa kila mti

Mwaka 1994 Kitengo cha Kikanda cha Hifadhi ya Udongo cha shirika la misaada la Sweden, SIDA, kilichokuwa na ofisi Nairobi, kilitoa kitabu kinachoitwa Useful Trees and Shrubs for Tanzania. Waandishi wake walikuwa Mbuya, Msanga, Ruffo, Birnie na Tengnäs. Kina kurasa zaidi ya 500, na kila mti umechorwa kwa mkono: jani, ua, tunda, na mara nyingine umbo la mti mzima.

Mwaka 2002 watatu kati yao, Ruffo, Birnie na Tengnäs, walitoa kingine kinene zaidi, Edible Wild Plants of Tanzania, kinachohusu mimea ya porini inayoliwa.

Uzuri wa kitabu cha kwanza ni mpangilio wake. Hakikuandikwa kwa ajili ya maprofesa. Kila mti umepewa kurasa mbili zinazotazamana. Kwanza jina la kisayansi, kisha majina ya Kiswahili na ya lugha za makabila, Kihehe na Kibena yakiwemo. Kisha mahali mti unapoota, matumizi yake, namna ya kuutambua, jinsi mbegu inavyooteshwa, idadi ya mbegu katika kilo moja, muda ambao mbegu hudumu ghalani, na jinsi ya kuutunza mti shambani.

Kwa mchumi, ukurasa wa namna hiyo ni karatasi ya mahesabu iliyokosa bei tu. Bei mkulima anaweza kuijaza mwenyewe, maana soko analifahamu.

Chukua mfano mdogo wa mwarobaini. Sifa zake zimevuma nchi nzima, na anayetembeza miche kwa pikipiki hakosi kuwa nayo. Lakini mwarobaini ni mti wa nyanda za chini na joto. Uwemba ni mahali pa baridi, ambapo viazi mviringo vinastawi kiasi cha kuwekewa kituo cha utafiti, na Juni na Julai mabonde ya Njombe hupata barafu inayounguza majani. Mwarobaini uliopandwa huko ni fedha iliyotupwa.

Kuna jambo baya zaidi. Mti mwingine unaofanana nao, Melia azedarach, huitwa mwarobaini na watu wengi, na huo unaweza kuvumilia nyanda za juu. Matunda yake ni sumu. Anayechuma dawa ya tumbo kwa kufuata jina tu, bila kutazama jani, anaweza kujidhuru. Majani ya mwarobaini halisi hugawanyika mara moja tu katika kikonyo. Ya huyo ndugu yake hugawanyika mara mbili au zaidi. Ukiona mchoro mara moja, husahau tena.

Bonde, vinyungu na mita 60

Suala linalouma zaidi Uwemba ni mabonde. Familia nyingi hutegemea vinyungu, yaani bustani za mabondeni zinazolimwa kiangazi kwa unyevu wa ardhini. Mahindi mabichi, maharage, viazi na mboga za vinyungu hufika sokoni wakati mashamba ya mlimani yamekauka, na ndiyo maana bei yake huwa nzuri.

Unyevu huo una walinzi wake. Mmoja ni mvengi, Syzygium cordatum kwa jina la kisayansi, mti wa jani nene la mviringo kidogo, linalokumbatia kijiti, wenye matunda ya zambarau iliyoiva hadi kuwa nyeusi. Huota palipo na maji na hufunika chemchemi kwa kivuli. Matunda yake huliwa na watoto na ndege, maua yake ni chakula kizuri cha nyuki, na ubao wake hufaa kwa ujenzi na kuni.

Katika miaka ya bei nzuri ya nguzo na mbao, mabonde mengi ya nyanda za juu kusini yalipandwa milingoti. Mlingoti hukua haraka bondeni kwa sababu hunywa sana. Baada ya miaka michache mwenye shamba ana nguzo, na jirani yake wa chini ana kinyungu kilichokauka. Faida iko mfuko mmoja, hasara iko mfuko mwingine. Ndiyo sababu magomvi ya aina hii hayaishi kwenye mabaraza ya vijiji.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa shughuli za kudumu au ambazo kwa asili yake zinaweza kuhatarisha hifadhi ya eneo hilo. Kwa afisa aliye mezani, mita 60 ni namba tu. Kwa mkulima mdogo ni shamba zima. Ekari moja, kwa kipimo kinachojulikana vijijini, ni hatua 70 kwa 70, na upande mmoja wa ekari ya mraba ni karibu mita 64. Mwenye ekari moja inayopakana na kijito akiitii sheria kwa namna kali kabisa, anabakiwa na upenyo wa mita nne.

Ni rahisi kuelewa kwa nini wengi wanaivunja. Ukimwambia mtu aache ekari yake yote bila kumwonyesha itakachomwingizia, humwachi na njia ya kuitii.

Swali linalofaa, basi, ni hili: ni mti gani unaweza kukaa ukingoni mwa kijito, ukalinda maji, na bado ukampa mwenye shamba kitu cha kuuza bila kukatwa? Kitabu kinasaidia kulijibu, kwa kuwa kila ukurasa umeandika kama mti ni malisho ya nyuki, kama tunda linaliwa, kama majani ni lishe ya mifugo, na kama unapenda maji. Mivengi pamoja na mizinga michache ni jibu mojawapo.

Na nyuki hao hawaishii kwenye asali. Parachichi hutegemea sana wadudu ili maua yashike tunda. Mparachichi ukichanua kando ya bonde lenye mivengi na mizinga, mwenye shamba amepata vibarua wasiolipwa. Mkulima anayefyeka bonde ili aongeze mistari miwili ya parachichi anaweza kuwa anapunguza tunda katika mistari yote iliyobaki. Haki itendeke hata hivyo: milingoti nayo ina maua mazuri kwa nyuki. Mahali pake ni mlimani, mbali na chemchemi.

Ulanzi, fedha ya miezi ya njaa

Mwanzi si mti kwa maana ya mwanabotania, ni jamii ya nyasi. Kwa mfuko wa Mbena tofauti hiyo haina uzito.

Wakati wa mvua machipukizi ya mianzi ya ulanzi yanapotoka, mgema hukata ncha, hufunga kikombe cha mwanzi, na kurudi asubuhi na jioni kukata tena kipande chembamba ili utomvu usikome. Ukiwa mbichi ni mtamu, huitwa mtogwa, na hata watoto hunywa. Ukikaa huchachuka wenyewe bila hamira wala moto, na siku inayofuata huwa mkangafu, ambao si wa watoto tena.

Jambo la kiuchumi hapa ni majira. Januari na Februari ndiyo miezi ambayo ghala la mahindi limepungua, mazao mapya hayajakomaa na ada za shule zimefika. Mazao karibu yote yanadai fedha katika miezi hiyo: mbolea, palizi, dawa za viazi. Mwanzi ndio unaotoa. Hutoa kidogo kidogo, kila siku, taslimu, na kwa gharama ya kisu na miguu ya mgema. Mti wa paini hauwezi kufanya hivyo hata ukiwa mkubwa kiasi gani.

Kuna kosa moja ambalo wagema wenye haraka hulifanya. Chipukizi lililogemwa halikui kuwa mwanzi kamili. Akigema yote ya shina moja mwaka huu na mwaka ujao, shina huzeeka bila vijana wa kurithi. Wazee huacha machipukizi kadhaa kila msimu, na mianzi iliyokomaa hukatwa kwa ajili ya uzio, dari na matenga ya kubebea nyanya. Tenga nalo lina soko lake, hasa kwa wanaopakia mizigo Makambako.

Ganda lenye wanunuzi wa ng'ambo

Katika misitu ya baridi ya Afrika kuna mti unaoitwa Prunus africana. Wakikuyu wa Kenya huuita muiri, na kila kabila la milimani lina jina lake. Ganda lake ni jeusi, la magamba, na jani likipondwa hutoa harufu kama ya lozi chungu.

Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alipata hataza ya dawa ya tezi dume iliyotokana na ganda hilo. Tangu hapo ganda limekuwa likisafirishwa kwenda Ulaya, Cameroon ikiwa mmoja wa wauzaji wakubwa, na Kenya, Madagascar na Tanzania zikiwemo katika biashara hiyo. Uvunaji ukawa mbaya kiasi kwamba tangu mwaka 1995 mti huo umo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, na hauvuki mpaka bila kibali.

Hatari kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo iko hapa. Mnunuzi kutoka mbali huja akiwa na jina la kisayansi na bei yake kichwani. Mwenye mti ana jina la Kibena tu. Yule anajua anachonunua, huyu hajui anachouza. Kwa hali hiyo bei itapangwa na upande mmoja. Na mzigo ukikamatwa barabarani bila kibali cha mazao ya misitu, anayepoteza mara nyingi ni aliyepakia, si aliyeagiza.

Kisha kuna namna ya kuchuna. Ukichuna ganda kuzunguka shina lote, mti hufa, kwa kuwa chakula kutoka kwenye majani hakiwezi tena kufika mizizini. Utaratibu uliotumika Cameroon ni kuchuna robo mbili zinazoelekeana za shina, kwenye mti uliokwisha kunenepa, na kuacha robo mbili nyingine zilishe mti hadi ganda liote upya.

Anayetaka kuupanda ajue kwamba mbegu zake hazisubiri. Ziwekwe kitaluni zikiwa mbichi. Zikikaa ghalani huharibika upesi. Na mavuno yako mbali, zaidi ya miaka kumi. Huu ni mti wa mpaka wa shamba, wa kumwachia mtoto, usiotegemewa kulipa mkopo.

Tunda lisilo na mwenyewe

Ukishuka kutoka milima ya Uwemba kwenda kwenye miombo ya maeneo ya chini zaidi, unakutana na mkusu, Uapaca kirkiana. Tunda lake, lenye ganda gumu la rangi ya kahawia na nyama tamu ya njano, huiva msimu wa mvua zinapoanza na kuuzwa barabarani kwa mafungu. Hutengenezwa juisi na hata mvinyo.

Wanaosafisha mashamba hukata mikusu isiyozaa na kuacha inayozaa. Inaonekana ni akili. Lakini mkusu una miti dume na miti jike. Dume halizai maisha yake yote, ila bila chavua yake jike nalo halitazaa. Ukiondoa madume yote umeondoa tunda, na utakaa ukiilaumu mvua.

Wengine wamejaribu kuotesha mbegu katika udongo wa kawaida wa kitalu na kuona miche ikidumaa. Mkusu huishi kwa ushirika na ukungu wa udongoni unaoshika mizizi yake. Dawa yake ni rahisi: chukua udongo kutoka chini ya mkusu mkubwa, uchanganye na udongo wa viriba. Mbegu nazo zioteshwe mapema, kwa sababu hufa zikikauka.

Mbao za Makambako

Makambako ndiko hesabu ya miti hufungwa. Ni njia panda ya barabara kuu ya Zambia na ile ya Songea, na reli ya TAZARA inapita hapo. Mbao zilizopasuliwa na mashine za dingdong vijijini hushushwa na kupakiwa kwenye malori ya Dar es Salaam na Dodoma.

Paini ikipandwa kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, ekari hubeba miti 450 hivi. Kwenye karatasi inavutia. Shida ni kwamba wakulima wengi, wakibanwa na ada au ugonjwa, huuza kabla ya wakati, na huuza kwa jicho: mnunuzi anapita shambani, anataja bei ya shamba zima, wanapeana mikono. Hakuna aliyepima shina hata moja. Ubao wa mti mchanga hupinda na kupasuka, na mnunuzi huutumia udhaifu huo kushusha bei hata kwa miti iliyokomaa.

Dawa ya shida hiyo si kuuacha upandaji wa paini. Ni kuwa na kitu kingine shambani cha kuuza siku ya dharura, ili paini ifikishe umri wake. Mgrivelea mpakani ni mfano. Ekari ya hatua 70 kwa 70 ina mpaka wa hatua 280; mti mmoja kila hatua nne ni miti 70, bila kugusa katikati ya shamba. Matawi hukatwa kwa kuni kila mwaka.

Miwati nayo ina nafasi yake. Kampuni ya TANWAT ilianzishwa Njombe mwaka 1949 kwa ajili ya ganda hilo, linalotoa tanini ya kulainishia ngozi, na wakulima wadogo walijifunza kutoka huko. Mwati ni wa jamii ya kunde, hurutubisha udongo, na baada ya kuvuna ganda na kuchoma mkaa, shamba hurudi kwenye mahindi. Ila mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi zikisubiri moto. Moto kichaa ukipita, miche huibuka kama nyasi, hata kwenye shamba ambalo mwenyewe aliamua kuachana na miwati.

Lugha na wazee

Kasoro kubwa ya vitabu hivi ni lugha. Vimeandikwa kwa Kiingereza, na nakala zilizochapishwa ni adimu; kwa kawaida utazikuta kwenye maktaba za vyuo na ofisi za misitu. Siku hizi vinapatikana pia kwenye intaneti, na kijana mwenye simu anaweza kuvisoma. Zipo pia programu za simu zinazotambua mmea kwa picha. Zinasaidia, lakini humpa mtu jina la kisayansi akaishia hapo. Ni nani aliyeutumia mti huo, kwa nini, na sehemu ipi ni sumu, mara nyingi havimo.

Hayo yamo kwa wazee. Kijana akimletea babu tawi na kusema, "Shikamoo babu, huu mnauitaje?" atapata jina la Kibena, na huenda akapata saa nzima ya maelezo. Akilitafuta jina hilo kitabuni, atafika kwenye ukurasa wenye jina la kisayansi, yaani jina lile lile alilonalo mnunuzi wa ganda. Ila majina hubadilika kutoka bonde hadi bonde, na jina moja huweza kubeba miti miwili, kwa hiyo mchoro wa jani ulinganishwe na tawi lenyewe kabla ya kuamini.

Kazi hiyo ina msimu. Miti mingi hutambulika vizuri ikiwa na ua au tunda, na mingi ya miombo huchanua na kutoa majani mapya kati ya Septemba na Novemba, kabla mvua hazijashika. Ndiyo miezi ile ile ambayo mashamba husafishwa na moto huwashwa.